Albamu ipi ilitushika mkono? Wamama wa Katindo wanajibu

 

Wiki mbili zilizopita tuliacha ulizo dogo mwisho wa ukurasa huu: kati ya albamu zote zilizotoka kuanzia mwaka 2010 mpaka 2019, ni ipi unaiona bora kuliko zote, na kwa nini? Hatukuuliza kwa mchezo. Tarehe 8 Machi inakaribia, vikwembe viko kwa mshonaji, na kijana anayetuletea vipaza sauti anataka orodha ya muziki mapema. Mwaka jana tulimwachia achague mwenyewe. Mnakumbuka ilivyokuwa: wamama wazee walikaa kwenye viti mchana mzima bila kuinuka hata mara moja, na nyimbo zingine zilitufanya tuangalie chini mbele ya watoto wetu.

Majibu yalikuja kwa karatasi, kwa telefone, na mengi kwa mdomo, penye likelemba na kwenye foleni ya bidoni za maji. Tumeyaandika yote kwenye daftari. Leo tunawarudishia.

Jibu la kwanza lilitushinda. Mama mmoja anayeuza sambaza alituambia: "Ninyi mnauliza albamu, mimi sijui albamu. Mimi najua nyimbo zinazopita kwenye mbao za nyumba ya jirani." Tulicheka, lakini alisema kweli. Miaka ile kaseti zilikuwa zimeisha, na CD nyingi za sokoni zilikuwa za kunakiliwa. Kijana mwenye kompyuta kwenye kibanda alikujazia nyimbo ndani ya kadi ya telefone kwa faranga kidogo, Ferre Gola pamoja na Rose Muhando pamoja na Sauti Sol, bila majina wala utaratibu. Kisha ikaja YouTube, na watu wakawa wanatafuta wimbo mmoja mmoja. Mtoto wetu wa Goma, Innoss'B, alitoa albamu yake "Plus" mwaka 2017, lakini uliza watoto wa avenue yako: watakutajia "Yope" ya mwaka 2019, ile aliyoirudia na Diamond Platnumz na ambayo imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Wimbo mmoja tu umefunika kazi yote nyingine.

Basi tuliwaeleza waliouliza: albamu ni kazi ambayo mwimbaji ameipanga mwenyewe, wimbo wa kufungua, wimbo wa katikati, wimbo wa kufunga. Ni kama mezani kwa wageni. Huanzi na chai ukamalizia na maji ya kunawa. Tukaanza kuhesabu upya.

Wamama wakubwa walimtaja Papa Wemba na "Maître d'école" ya mwaka 2014. Wengi wao hawakuijua albamu hiyo ilipotoka. Waliitafuta baada ya tarehe 24 Aprili 2016, siku alipoanguka jukwaani kule Abidjan na kufariki. Mama mmoja alisema anaisikiliza kama mtu anayesoma barua ya mwisho ya marehemu. Miaka ile ilituondolea wakubwa wengi wa rumba: Tabu Ley alitangulia Novemba 2013, King Kester Emeneya akafuata Februari 2014. Na UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Desemba 2021, hao wote hawakuwapo kupiga makofi.

Wamama wa umri wa katikati waligawanyika kati ya Ferre Gola na Fally Ipupa, na hapo hakuna aliyetaka kumsikiliza mwenzake. Wa Ferre wanataja "Boîte noire" ya 2013 na "QQJD" ya 2017. Wanasema sauti yake inatosha hata kama gitaa zingenyamaza. Wa Fally wanataja "Power Kosa Leka" ya 2013 na "Control" ya 2018. Dada zetu vijana, wao wako na "Tokooos" ya 2017: nyimbo fupi, Kifaransa na Lingala pamoja, unaweza kuiweka ukiwa unaosha vyombo na ikaisha pamoja na kazi. Wakubwa wakawajibu kwamba ndani yake hakuna sebene ya kutosha, na muziki wa Kongo bila sebene ni sombe bila mawese. Ugomvi huo hatukuumaliza.

Kisha likaja jambo ambalo hatukulitafuta. Dada mmoja aliuliza: "Hizi albamu tunazosifu, tunasikia zinasema nini?" Sisi wa Goma ni watu wa Kiswahili. Albamu zetu zinaimba Lingala. Watoto wanayashika maneno haraka kuliko sisi, wanayaimba uani, na mama anatingisha kichwa bila kujua kinachosemwa. Alhamisi tuliketi na mama mmoja wa upande wa kambi ya kijeshi, bibi ya askari, anayejua Lingala kama lugha ya nyumbani kwake, na akatutafsiria wimbo kwa wimbo.

Tulijifunza mambo mawili. La kwanza, mabanga. Wimbo tuliouona mtamu sana ulikuwa, kwa sehemu kubwa, majina ya watu wenye pesa, mmoja baada ya mwingine. Wengi wao hulipa ili watajwe. Tulikuwa tunacheza juu ya orodha ya wafanyabiashara! La pili lilitugusa zaidi. Nyimbo nyingi nzuri ni kilio cha mwanamke: ameachwa, amesubiri, amedanganywa. Lakini anayelia ni mwanaume, anaimba kwa niaba yake. Mama mmoja akasema, "Hata machozi yetu wanatuimbia wao."

Tukarudi kwenye daftari na kuangalia majina. Wanaume, wanaume, wanaume. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Rose Muhando wa Tanzania, na "Utamu wa Yesu". Wako wapi wetu? Mama zetu walikuwa na Abeti Masikini, M'Pongo Love, Mbilia Bel, Tshala Muana. Katika miaka tuliyouliza, wanawake wetu waliosikika zaidi kwenye majibu ya mdomo ni wa nyimbo za Mungu: Dena Mwana, L'Or Mbongo, Sandra Mbuyi, na marehemu Marie Misamu aliyetuacha Januari 2016. Tunashukuru kwa ajili yao. Lakini kwa nini mlango uliobaki wazi kwa binti zetu uwe ule wa kanisa peke yake?

Ni rahisi kulaumu Kinshasa na wenye orkestra. Tujiulize na sisi. Innoss'B alizaliwa hapa Goma, na kaka zake wana kundi lao, Maisha Soul. Kijana wa kiume akitoka mazoezini saa mbili za usiku, tunamwekea chakula. Msichana akitoka mazoezini saa mbili za usiku, tunamwekea fimbo, na majirani wanamwekea jina. Hatusemi hofu yetu haina sababu. Mji huu tunaujua, na barabara zake za usiku tunazijua.

Na hofu hiyo inatuleta kwenye jibu lililoleta kelele kuliko yote. Wamama kadhaa walichagua "13ième apôtre" ya Koffi Olomide, ya mwaka 2015, ile ya sahani nne. Kimuziki, wana haki ya kuitetea. Wengine walikataa hata kuisikia ikitajwa. Tuseme yanayojulikana wazi, bila kuongeza. Julai 2016 alifukuzwa Kenya baada ya kuonekana kwenye video akimpiga teke mwanamke wa kundi lake pale uwanja wa ndege wa Nairobi. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles, Ufaransa, ilimpa kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kuwazuilia wachezaji wake wa zamani bila hiari yao. Mashtaka ya kuwadhulumu kingono ilimwondolea, naye aliyakana yote tangu mwanzo.

Mama mmoja alisema: "Mimi nasikiliza sauti, sioi mtu." Mwingine, ambaye binti yake anacheza ngoma katika kundi la vijana, alijibu polepole: "Wale wachezaji walikuwa wameenda kazini. Mama zao walikuwa wamewaaga asubuhi." Baada ya hapo hakuna aliyeongea kwa muda.

Tuliamua hivi. Nyumbani kwako, cheza unachotaka, hatuingii sebuleni mwa mtu. Lakini siku ya 8 Machi tunaita wasichana wetu waje wakae mbele. Siku hiyo albamu hiyo haitapigwa. Hapo dada mmoja kijana, mwenye akili ya kuchimba, akainua mkono: "Kama ndivyo, muwe wa haki. Ndani ya 'Tokooos' kuna wimbo ambao Fally ameimba na R. Kelly, yule Mmarekani aliyepewa kifungo cha miaka 30 mwaka 2022 kwa makosa juu ya wasichana." Tulinyamaza, kwa sababu alikuwa na haki, na "Tokooos" ndiyo iliyotajwa mara nyingi kuliko zote kwenye daftari. Wimbo huo mmoja umeondolewa. Nyingine zinabaki. Kipimo kikiwa kimoja kwa jirani na kingine kwa mpenzi wako, hicho si kipimo.

Tumeacha jibu moja kwa mwisho, na mwenye kulituma ameturuhusu tuliandike bila jina.

Novemba 2012, mji ulipoanguka, mama huyu alikimbia na watoto watatu mpaka Mugunga. Alibeba godoro, sufuria, na telefone ndogo. Ndani ya telefone hiyo kulikuwa albamu moja tu nzima, "Utamu wa Yesu", aliyojaziwa na kijana wa kibandani. Usiku wa kwanza mtoto wa mwisho alikataa kulala. Mama akafungua muziki kwa sauti ndogo, telefone chini ya kikwembe, toka wimbo wa kwanza. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu moto wa telefone uliisha, na pa kuchaji hapakuwapo. Basi mama akaimba mwenyewe. Akisahau wimbo unaofuata, mtoto mkubwa alimkumbusha: "Hapana mama, bado ule mwingine." Waliimba hivyo mpaka siku waliporudi.

Mtoto yule wa mwisho leo yuko shule ya sekondari. Anasikiliza muziki wake wa vijana, mama haelewi hata neno. Lakini ukimwomba, anaweza kuimba albamu ile yote bila telefone, na hakosei utaratibu.

Mama muuza sambaza tulimsomea jibu hilo. Akasema, "Ah, sasa nimejua albamu ni kitu gani."

Kwa hiyo, wapendwa, hatutoi taji moja. "Tokooos" ndiyo iliyotajwa zaidi, na tutaicheza watoto wakiwa uwanjani. Papa Wemba atafungua, ili wazee wainuke kwenye viti. Ferre na Fally watafuatana wakati wa kucheza, na sebene itakuwapo, msiogope. "Utamu wa Yesu" itapigwa tukigawa chakula, kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuruka.

Na kabla ya hayo yote, vipaza sauti vikiwa bado kimya, wimbo wa kwanza utaimbwa na mabinti wetu wenyewe. Mazoezi ni kila Jumamosi saa nane za mchana, uani kwa mama mweka hazina wetu. Mlango utabaki wazi, wamama wawili watakuwa wamekaa hapo, na saa kumi na moja kila mtoto atakuwa amefika kwao. Mwenye binti anayeimba akiosha vyombo, amlete. Kama baba yake anasita, na baba aje akae asikilize.

Ulizo la wiki ijayo: ni wimbo gani mama yako alikuimbia ambao haujawahi kusikia popote pengine? Tuletee kwa karatasi au kwa mdomo. Ukija na sauti, ni bora zaidi.

Mbaki na amani.