Mali Huanza Kufichwa Ndoa Ikiwa Bado Tamu

Shangazi yangu alipikia mafundi chapati kwa miezi minane. Walikuwa wanajenga nyumba za kukodisha Kitengela, na kila asubuhi alipanda matatu na sufuria mapajani. Ndoa ilipovunjika na kesi ya mali ikaanza, akaambiwa ile ploti ni ya shemeji yake. Hati ilikuwa na jina la shemeji tangu siku ya kwanza. Lori nalo lilikuwa na jina la mama mkwe. Sacco ilikuwa imebaki na pesa za kununua unga tu. Yaani kwa karatasi, mzee hakuwa na kitu.

Wengi wetu tunadhani mali hufichwa watu wakishagombana. Hapana. Hufichwa mkiwa bado mnaitana "babe", na wewe unaulizwa uchague rangi ya mabati.

Sasa tuongee sheria kidogo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 si mbaya. Inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima shamba na kusimamia biashara ya familia kama mchango. Inasema pia kuwa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja wenu itachukuliwa kwamba anamshikia mwenzake, mpaka ithibitishwe vingine. Rudia hapo: kwa jina la mmoja wenu. Mali ikiandikwa jina la kaka yake, hiyo kinga haikusaidii tena. Wewe ndiye unabaki kuthibitisha pesa zilitoka kwenu.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema hakuna kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mtu apate kulingana na mchango aliouthibitisha. Mimi sina shida na hiyo. Shida yangu ni hii: utathibitishaje mchango wako kwa kitu ambacho hata hujui kipo? Aliyeficha ana karatasi zote. Aliyefichwa ana sufuria.

Ndio maana nasema mzigo uhame. Kesi ya mali ikifunguliwa, wote wawili waape na waweke kila kitu mezani mapema: ploti, hisa, Sacco, madeni, hata vile vimeandikwa jina la mama. Uingereza wanandoa wote wawili hujaza fomu ya kueleza mali yao. Mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa ya huko ilimruhusu Alison Sharland arudi kudai upya, baada ya kujulikana kuwa mumewe alidanganya kuhusu mipango ya kuingiza kampuni yake kwenye soko la hisa. Walikuwa wameshakubaliana, lakini uongo ukayavunja makubaliano. Hiyo ndiyo adhabu inayomfanya mtu afikirie mara mbili.

Na msiniambie hii ni vita dhidi ya wanaume. Kuna kina mama wenye chama cha siri na shamba kwa jina la dada. Uongo ni uongo tu.

Lakini bunge likiendelea kulala, wewe usilale. Ukisikia "tumenunua", uliza jina la nani liko kwenye hati. Ardhi unaweza kuitafuta kwenye rekodi za ardhi, gari kwa NTSA, kampuni kwa msajili wa kampuni. Weka nakala za risiti na jumbe za M-Pesa mahali ambapo simu ikipotea hazipotei. Na jua hili: kuomba mahakama itamke haki yako kwenye mali hakuhitaji ufungue kesi ya talaka kwanza.

Shangazi alipata kitu mwishowe, si kingi. Kilichomwokoa ni fundi mkuu aliyekubali kuja kortini kusema ni nani alikuwa anamlipa kila Jumamosi. Bila huyo fundi, miaka yake yote ingeisha kama hadithi.

Kwa hivyo nikuulize wewe uliye kwa ndoa: unaweza kuandika sasa hivi mali tano za nyumba yenu, na jina lililo kwenye kila karatasi? Kama huwezi, muulizane leo jioni, mkiwa bado mnacheka pamoja. Mkifika kwa wakili mtakuwa mmechelewa.