Tela la siku mbili, mafuta ya mwaka mzima

Wadau, hivi tela unalivuta mara mbili kwa mwaka, halafu unanunua gari la cc 4000 la kukaa nalo foleni ya Ubungo kila asubuhi? Injini ikipita cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda, kisha sheli inakumalizia.

Jamani, cc peke yake si kibali cha kuvuta! Fungua kitabu cha gari: kinaruhusu kilo ngapi? Ulaya tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Sisi tunamwambia fundi wa kuchomelea "weka ndoano hapo", tunaanza safari. Mteremko wa Kitonga hauna utani.

Nunua gari la kazi ya kila siku, pima mzigo wako. Mzigo mkubwa? Kodi Canter. Nawakilisha.