Ndugu wa Simba Wanyika wangali wakimsubiri mwandishi

WASOMAJI wengi waliopitia shule za upili nchini Kenya wanamkumbuka Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyevuka mpaka kuja kumtafuta baba asiyemjua. Marehemu Ken Walibora alimwumba katika riwaya ya Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996, akampa mama aliyekuwa malenga wa taarabu, na kizazi kizima kikakua pamoja naye. Ajabu ni kwamba vijana wengine wa Tanga, hawa wakiwa watu halisi, walikuwa wameuvuka mpaka huo robo karne kabla ya riwaya kutoka, magitaa mkononi. Hao hawajapata Walibora wao.

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walianza muziki mwaka 1966 katika Jamhuri Jazz, bendi ya mji uliozaa pia Atomic Jazz na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha ingia Kenya, na bendi ikaitwa Simba Wanyika.

Kuhama kwao hakukuwa tamaa ya kutembea tu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi za Tanzania zililelewa na mashirika ya umma, na nyimbo zao zikarekodiwa na redio ya taifa. Viwanda vya kufyatua santuri vilikuwa Nairobi. Kijana aliyetaka kuishika sahani yenye jina lake alijua basi la kupanda.

Hapo ndipo penye kiini cha riwaya. Ndugu waliolelewa nyumba moja wanaanzisha bendi ugenini. Wanapata jina, na jina linaleta mgogoro. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani aliyejulikana kama Profesa, walijitenga na kuunda Les Wanyika, waliotikisa eneo zima kwa kibao Sina Makosa. Miaka miwili baadaye George mwenyewe alimwacha Wilson na kuanzisha Orchestra Jobiso. Ikumbukwe kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na Tanzania kuufunga mpaka wake na Kenya, usifunguliwe hadi 1983. Waliogombana Nairobi waligombana huku mlango wa nyumbani ukiwa umefungwa. Mtunzi angetaka nini zaidi?

Badala ya kitabu, wapenzi wa muziki huo wameachiwa vipindi vya zilizopendwa. Vipindi hivyo vina faida, kwani bila ya hivyo sauti hizo zingekwisha potea. Hata hivyo, vimewazeesha wanamuziki hawa kabla ya wakati. Msikilizaji wa leo huziita nyimbo za wazee, kana kwamba zilitungwa na watu wenye mvi, ilhali waliozitunga walikuwa vijana waliolala vyumba vya kupanga, wakibishana nani apige solo na nani aimbe, na wakihofia kodi ya mwisho wa mwezi kama kijana yeyote wa Nairobi. Kumbukumbu imeutunza wimbo na kuusahau ujana wenyewe. Redio haiwezi kuurudisha. Hiyo ni kazi ya riwaya.

Kwa nini basi haiandikwi? Sehemu kubwa ya lawama iko katika soko. Mchapishaji wa riwaya za Kiswahili nchini Kenya huutazama kwanza mtihani wa kidato cha nne, ambao ndio uliozipa Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri wasomaji kote nchini. Hadithi ya vijana wa vilabu vya usiku, pombe na wivu wa ndugu kwa ndugu haina njia nyepesi ya kuingia darasani. Ikiingia, huenda ikatakiwa kwanza iwaadhibu wahusika wake ili wanafunzi wapate funzo. Lakini Siku Njema ilipita mlango huo huo bila kumpunguzia Kongowea utu wake, kwa hiyo visingizio vya wachapishaji visikubaliwe vyote.

Muda nao hausubiri. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Kwa upande wa Les Wanyika, Profesa Omar alifuata mwaka 1998 na John Ngereza mwaka 2000. Wanaoweza kusimulia jinsi mambo yalivyokuwa wanazidi kupungua.

Hata sheria ina saa yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi wenyewe hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo, rekodi za Simba Wanyika zilizofanywa kabla ya 1975 zimekwisha toka katika ulinzi, na yeyote aweza kuzitoa upya bila kibali cha kampuni iliyozirekodi. Tungo za George zinalindwa hadi mwisho wa 2042, na za Wilson hadi mwisho wa 2045. Mwandishi atakayetaka kuweka hata ubeti mmoja wa nyimbo hizo katika kitabu chake hana budi kubisha hodi kwa warithi, na huko ndiko atakakokuta picha, barua na masimulizi ambayo santuri haikuyabeba.