Vibandiko vya Ilala na Mkataba Usioandikwa

Wajapani wana neno «itasha». Awali lilitumika kwa magari yaliyotoka Italia. Vijana wa Tokyo wakalichezea, kwa kuwa «itai» kwao ni kuuma, likawa jina la gari lililobandikwa wahusika wa katuni kuanzia boneti hadi bampa ya nyuma. Gari lenyewe mara nyingi ni dogo na la kasi, Toyota 86 au Nissan Silvia, na mwenyewe hutumia fedha nyingi kumweka mlangoni binti mwenye macho makubwa ambaye hajawahi kuishi popote ila katika filamu. Linauma macho, linauma na mfuko. Kinachotupasa kukizingatia ni kwamba mchoraji na mmiliki ni mtu mmoja: ameharibu, au amepamba, mali yake.

Magari ya Japani tunayapokea kwa wingi bandarini Dar es Salaam, kwa kuwa nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Huja na athari za maisha yake ya kwanza: redio inayosalimia kwa Kijapani, stika ya ukaguzi kiooni, Hiace yenye jina la shule ya chekechea ambalo hakuna abiria wa Buguruni anayeweza kulisoma. Kisha yanafika Gerezani na Shaurimoyo, kwa mafundi wa rangi na vibandiko, na hapo yanapewa uraia. Altezza na Subaru za vijana wenye uwezo huongezewa milia na bomba la kuunguruma. Hizo sina shaka nazo. Ni jamaa wa karibu wa itasha, na wenyewe wamelipa.

Bajaji na daladala ni suala jingine. Tazama bajaji zilizojipanga kando ya Mtaa wa Msimbazi: nembo ya Simba au Yanga, sura ya mwanamuziki, shujaa wa katuni mwenye nywele zilizosimama, na chini yake «Hasidi hana sababu». Uliza ni ya nani. Kadi ina jina la mtu ambaye pengine ni mtumishi wa umma, mfanyabiashara, au (tusifichane) mhadhiri wa chuo kikuu. Dereva anapeleka hesabu kila jioni, iwe mvua iwe jua, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Wengine wako kwenye kile kinachoitwa bajaji ya mkataba: wanalipa kila siku au kila wiki mpaka muda uliokubaliwa uishe, chombo kiwe chao. Katika kipindi hicho kirefu dereva ana nini cha kuonyesha kwamba chombo kinaelekea kuwa mali yake? Aghalabu hana hata karatasi iliyosainiwa. Ana kibandiko.

Kwa hiyo nasoma maandishi yale kama madai. Kijana asiye na jina kwenye kadi ameliandika jina lake, au la timu yake, au la mwanawe, mahali ambapo mji mzima utalisoma. Mama zetu walikwisha kutufundisha jambo hili kwa kanga: lisilosemeka uso kwa uso hufungwa kiunoni likapitishwa mtaani.

Wasomi wenzangu hupenda kuuita upambaji huu uhuni. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini, na leo mtindo wenye jina lake unapamba kuta za watu walewale wanaokunja uso mbele ya bajaji. Hata jina «daladala» halikutungwa wizarani. Mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mtaa uliiita dala, na makonda wakaipigia kelele mpaka ikawa jina.

Nakiri hoja moja ya askari wa usalama barabarani: kibandiko kinachoziba kioo cha mbele kibanduliwe, bila mjadala. Na yako maandishi ya kudhalilisha wanawake ambayo hayana mtetezi kwangu. Lakini tutenganishe mambo. Kanuni za Waziri John Michuki nchini Kenya, mwaka 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa njano kwenye matatu. Mikanda iliokoa watu. Michoro iliyofifia wakati ule ilirudi baadaye kwa nguvu zaidi, na sijui ni nani aliyewahi kuuawa na rangi.

Kinachoua tunakijua. Dereva anayekimbizana na hesabu hapumziki, hula akiwa kwenye usukani, na hukatiza taa za barabarani. Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchini, na mwezi uliofuata wakagoma tena. Walipinga kurudishwa chuoni kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Dai la pili ndilo zito, na ndilo tulilolisahau upesi zaidi, kwa kuwa wengi wetu tunaotoa maoni ndio wenye kadi.

Sasa mabasi ya mwendokasi, tangu 2016, yanafika Gerezani yakiwa yamefanana kama sare za shule, na wapo wanaotamani kila chombo cha Ilala kifanane hivyo. Naelewa tamaa hiyo. Ila basi lile lina mwajiri anayejulikana, na dereva wake anajua pa kwenda kudai. Anayetaka kumvua kijana wa bajaji kibandiko chake ampe kwanza hicho kingine. Ukaguzi ujao ukifanyika Buguruni au Karume, askari na aombe, pamoja na leseni na bima, karatasi moja zaidi: makubaliano kati ya dereva na mwenye chombo, yenye saini mbili. Na asipoipata, amwandikie faini mwenye kadi.