Vioo vya darubini sasa vyasuguliwa na mashine, Songwe ina la kujifunza

Itumba

KWA wakazi wa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, habari za vioo vya darubini vinavyotengenezwa Ulaya zaweza kuonekana ni za mbali mno. Hata hivyo, kazi hiyo inagusa utajiri uliomo ndani ya mkoa wao wa Songwe, na mabadiliko yake yanatoa onyo kwa wanaosubiri ajira za madini.

Kaskazini mwa mkoa huo, katika Wilaya ya Songwe, kuna kilima cha Ngualla chenye hazina kubwa ya madini adimu. Karibu nusu ya madini hayo ni seriamu. Oksidi ya seriamu ni unga unaotumika viwandani kung'arishia kioo, kuanzia lenzi za kamera hadi vioo vya vyombo vya kisayansi.

Zamani vioo vya darubini vilisuguliwa na mafundi stadi kwa mkono. Fundi alisugua, akapima, akasugua tena, na kioo kimoja kikubwa kiliweza kuchukua miaka. Utaratibu huo haumudu mahitaji ya leo. Darubini ya ELT, inayojengwa nchini Chile na shirika la Ulaya la ESO, ina kioo kikuu chenye upana wa mita 39, kinachoundwa na vipande 798. Kila kipande kina upana wa karibu mita 1.4.

Kazi ya kung'arisha vipande hivyo ilipewa kampuni ya Safran Reosc ya Ufaransa, katika kiwanda chake karibu na mji wa Poitiers. Kauri ya kioo isiyotanuka kwa joto hutoka kampuni ya Schott ya Ujerumani. Uso wa kipande hupimwa, kompyuta hukokotoa muda ambao chombo kitakaa juu ya kila sehemu, kisha mashine husugua. Hatua ya mwisho ni mnyunyizo wa ayoni unaoondoa vilima visivyoonekana kwa macho. Kasoro inayovumiliwa ni ya takribani nanomita 10, na milimita moja ina nanomita milioni moja.

Lakini mashine haina busara kuliko kipimo inachopewa. Kioo cha darubini ya Hubble ya Marekani, iliyorushwa mwaka 1990, kilisuguliwa kwa mitambo ya kompyuta kwa usahihi mkubwa, ila kwa umbo lisilo sahihi. Chanzo kilikuwa lenzi ndani ya chombo cha kupimia, iliyokaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Wanaanga walilazimika kwenda kuirekebisha darubini hiyo mwaka 1993.

Funzo ni kwamba thamani imehama kutoka mikononi mwa msuguaji kwenda kwa anayepima na anayesafisha malighafi. Hoja kwamba nguvu kazi ya bei nafuu itavuta viwanda vya aina hii nchini haina tena uzito.

Tanzania imekwisha kuonja uchungu wa kusafirisha utajiri usiojulikana thamani yake. Mwaka 2017 serikali ilizuia makinikia ya dhahabu na shaba kwenda nje, na sheria ya mwaka huo ikasisitiza uchakataji ndani ya nchi. Aprili 2023 serikali ilitia saini mkataba wa Ngualla na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia, ikipata hisa asilimia 16 katika kampuni ya ubia ya Mamba Minerals. Mwaka 2025 Peak ilinunuliwa na Shenghe ya China, ambayo tayari ilikuwa na mkataba wa kununua makinikia ya mgodi huo.

Ni kweli kwamba seriamu peke yake si dhahabu. Ni madini yenye bei ndogo miongoni mwa madini adimu. Fedha nyingi ziko katika neodimiamu na praseodimiamu, zinazotengeneza sumaku za mota. Hata hivyo, yote hutoka katika mwamba mmoja, na anayeyatenganisha ndiye anayejua kila tani ilibeba nini.

Ileje yenyewe ina mfano wa karibu. Makaa ya mawe ya Kiwira-Kabulo hayauzwi kwa uzito tu. Bei yake hutegemea kiasi cha joto na majivu kinachosomwa maabara.

Kwa kuwa serikali ni mbia, ina haki ya kudai zaidi ya mrabaha. Inaweza kudai maabara ya upimaji karibu na mgodi, na nafasi za mafunzo ya kemia na vipimo kwa vijana wa Songwe, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), VETA na Shirika la Viwango (TBS). Bila hayo, mkoa utabaki na mashimo na takwimu zilizoandikwa na mnunuzi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.