Kiti Kikiwa Wazi, Tuulizwe

Mwaka jana nikiwa TP, nafundisha Uraia kidato cha pili, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono: “Madam, kama mgombea ni mmoja, watu wanachagua nini?” Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, Arusha. Ukipanda Hiace ya Usa River, safari fupi tu, unaingia jimbo la Arumeru Mashariki. Kiti chake cha ubunge kilibaki wazi mara mbili ndani ya miaka 7.

Mara ya kwanza ni 2012, baada ya kufariki mbunge Jeremia Sumari. CCM ikamsimamisha mwanawe, Sioi. Chadema ikamleta Joshua Nassari, kijana msomi wa chuo kikuu kama sisi. Kampeni zikawaka moto. Wananchi wakauliza habari ya ardhi: mashamba makubwa yapo, wao wamebanana. Tarehe 1 Aprili wakaamua: Nassari kura 32,972, Sioi 26,757.

Mara ya pili ni 2019. Spika alitangaza kuwa Nassari amepoteza ubunge kwa kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo. Safari hii mgombea wa CCM, John Pallangyo, akapita bila kupingwa. Hakuna foleni, hakuna wa kuulizwa habari ya ardhi.

Msinisome kichama, jamani. Nassari mwenyewe baadaye alihamia CCM, akateuliwa mkuu wa wilaya. Wanasiasa wanahama. Mkulima wa King'ori hahami, na shida yake iko palepale.

Najua wapo watakaosema uchaguzi mdogo unakula hela. Kweli, unakula. Lakini mbunge ambaye hakuniomba kura, nitamdai nini? Ahadi gani alinipa?

Na sisi wanachuo tusijitoe. Hata ile 2012 yenye moto wake, waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa. Wengi wetu tumejiandikisha nyumbani, siku ya kura tuko hosteli. Daftari likifunguliwa kurekebisha taarifa, tunasema “kesho”. Halafu jioni kwenye vimbwete sisi ndio wachambuzi wakubwa.

Kata yangu inaijua bei ya kura. Juni 15, 2013, bomu lililipuka kwenye mkutano wa Chadema viwanja vya Soweto, likaua watu, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa madiwani, Kaloleni ikiwemo. Uchaguzi ukaahirishwa. Julai 14 watu wakarudi vituoni, mama yangu akiwa mmojawapo. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa, akachukua mtandio wake, akaenda.

Yule mwanafunzi sasa ningemjibu hivi: mwaka 2019 mgombea alipokuwa mmoja, watu hawakuchagua kitu, waliarifiwa tu. Wewe utakayefuata kufundisha, usimfiche.