Kichwa cha Mtoto Si Ngoma

Wapo walimu wenzangu wanaoamini kwamba kofi la kisogoni si adhabu, bali ni "kumwamsha" mtoto. Ukiwauliza, hujibu: "Mbona hakutoka damu?" Kisha hukutupia methali: samaki mkunje angali mbichi. Nami nasema methali hiyo inasingiziwa. Wahenga walisema tumkunje samaki. Hawakusema tumponde kichwa.

Hoja ya damu haina mashiko. Ubongo ukijeruhiwa ndani ya fuvu, madhara hayaishii pale pigo lilipotua. Ndani ya seli mna chembe ndogo mno ziitwazo maikro-RNA. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliokuwa wakichunguza mnyoo mdogo. Mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel. Jeni hutoa agizo la kutengeneza protini, nayo maikro-RNA huweza kulizuia agizo hilo lisitekelezwe. Katika majaribio ya panya waliojeruhiwa ubongo, baadhi ya maikro-RNA, kama ile iitwayo miR-21, ziliongezeka, nyingine zikapungua, na mabadiliko hayo yaliendelea kwa siku kadhaa. Pigo ni la dakika moja. Misukosuko ya seli ni ya siku nyingi.

Sisemi kila kofi hujeruhi ubongo. Nasema mkono wenye hasira hauna mizani. Hata picha ya CT yaweza kuonekana safi kwa mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo. Wataalamu wanachunguza maikro-RNA za damu na mate wapate kuugundua, na bado hicho si kipimo cha kawaida hospitalini. Ikiwa mashine hupitwa, mwalimu mwenye macho matupu anajuaje kwamba mtoto hakuumia?

Wala kanuni hazimkingi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu viboko zilitaja mkono na makalio. Kichwa hakimo.

Ndugu msomaji, mtoto aliyepigwa au kuanguka, kisha akaumwa kichwa, akatapika, akasinzia au akawa msahaulifu, apelekwe hospitali, asiitwe mvivu. Kumpiga kichwani kisha kumlaumu kwa kusahau ni kuupasua mtungi na kuulaumu kwa kuvuja. Na mwalimu asiyeweza kufundisha bila kupiga kichwa cha mtoto, na atafute kazi nyingine.